Kuchora Mwanzi kwa Wino Mweusi wa Kijapani: Hatua kwa Hatua, na Habari Ndefu ya Maji

Jumamosi tatu mfululizo nimekaa barazani na kijana mmoja ambaye riziki yake ni kuchora Tingatinga. Mkono wake mwepesi, jicho lake kali, na ubao wa futi mbili kwa mbili anaujaza twiga, ndege na mibuyu kwa siku moja. Siku aliyonikuta nachora mwanzi kwa wino mweusi alisimama akaangalia mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Dada, hii mbona ni dakika tano tu. Nifundishe." Jioni ile alirudi kwao na karatasi 20 zenye mabaka meusi, wala hapakuwa na mwanzi hata mmoja.

Kijana hana kosa. Rangi ya mafuta aliyoizoea ukiikosea unaiacha ikauke, unapaka nyingine juu, kosa limezikwa. Wino huu hauziki kitu. Uliposita panaonekana, ulipokimbia panaonekana, na ukirudia pale pale unaongeza ushahidi tu. Ndiyo maana nimeona niyaandike yote niliyomweleza kwa mdomo, pamoja na lile lililonichosha mimi mwenyewe nilipokuwa nikisoma Kyoto, mji wa Japani, ambako nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa makamo mara moja kwa wiki kwa miaka miwili.

Wajapani huiita sanaa hii sumi-e, picha ya wino, au suibokuga, picha ya maji na wino. Hilo jina la pili lishike, kwa sababu maji yametajwa kabla ya wino. Asili yake ni China. Watawa wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, waliivusha bahari, ikamea Japani ndani ya mahekalu, na ikastawi hasa katika enzi ya Muromachi, kati ya 1336 na 1573. Ukitaka kujua inalenga nini, tafuta picha ya matunda sita ya kaki (persimoni) iliyochorwa na mtawa wa China aitwaye Muqi katika karne ya 13. Inatunzwa Kyoto, katika hekalu la Daitoku-ji. Ni matunda sita, basi. Hakuna meza, hakuna ukuta, hakuna kivuli. La katikati ni jeusi tii, ya pembeni kabisa ni mstari tu uliozunguka weupe wa karatasi, na moja limeshuka chini kidogo kuliko wenzake kana kwamba limejitenga. Niliitazama nakala yake mara nyingi kabla sijaelewa kwamba uzito wote wa yale matunda umetokana na kiasi cha maji na si kitu kingine.

Yuko pia mwanafalsafa Hisamatsu Shin'ichi (1889–1980), aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kyoto. Aliorodhesha sifa saba za sanaa ya Zen: pande kutolingana, usahili, ukavu wenye heshima kama wa mti mkongwe, uasilia, kina kilichojificha, kutofungwa na mazoea, na utulivu. Wanaoanza hupenda kuzikariri. Mimi nasema zisome mara moja, kisha ziweke kando mpaka uimalize hatua ya nne hapa chini. Zote saba zinaamuliwa na maji yaliyomo ndani ya brashi, na mtu asiyeyamudu maji hayo hawezi kuchora kitu sahili. Atachora kitu kichache tu, na kichache si sahili.

Hatua ya 1: Vifaa

Unahitaji kijiti cha wino, jiwe la kusagia, brashi moja, karatasi, kitambaa cha kutandika chini ya karatasi, sahani nyeupe, vikombe viwili vya maji na kitambaa cha pamba cha kufutia.

Kijiti cha wino (sumi) ni masizi yaliyokandwa na gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, yakashindiliwa kwenye kibao cha umbo na kukaushwa taratibu. Mji wa Nara ndio kitovu cha kazi hii nchini Japani. Nyumba iitwayo Kobaien inatengeneza wino hapo tangu 1577. Masizi ya mafuta ya mimea hutoa weusi wenye joto, unaoelekea kahawia. Masizi ya msonobari hutoa weusi wa baridi, ukiuzimua unaona ubuluu. Anza na wa mafuta.

Utaambiwa ununue wino wa chupa ili uokoe muda. Usinunue. Wino mwingi wa chupa umetiwa kemikali za kugandisha, unaharibu nywele za brashi, na ukiuzimua kijivu chake ni kizito, hakina uhai. Isitoshe, ule muda unaodhani umeuokoa ndio ambao mkono na pumzi vingetulia.

Jiwe (suzuri) lina sehemu mbili: bapa la kusagia, na shimo la kukusanyia wino. Bapa linaitwa oka, yaani nchi kavu, na shimo linaitwa umi, yaani bahari. Mtu wa pwani hawezi kusahau: unasaga nchi kavu, wino unateremka baharini.

Brashi nunua moja tu, ya nywele mchanganyiko, laini kwa nje na ngumu kiasi kwa ndani, nywele ziwe na urefu wa sentimita 4 au 5. Mji wa Kumano, mkoani Hiroshima, unasifika kwa brashi, lakini hata ya bei ndogo inafaa mradi ikilowa ncha yake inakusanyika na kuchongoka. Zile seti za brashi 12 kwenye kiboksi ziache dukani. Mwalimu wangu alikuwa na brashi nyingi, na kwa mwanzi alishika moja kuanzia shina mpaka ncha ya jani la mwisho.

Karatasi ndipo wengi wanapokwama. Karatasi ya fotokopi haifai kabisa, kwa sababu imetiwa dawa ya kuzuia unyevu na wino utakaa juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Unataka karatasi inayonywa. Lowesha kidole, gusa pembeni: ukiona pale pamekuwa angavu papo hapo, inanywa. Ya mazoezi inaitwa hanshi, takriban sentimita 24 kwa 33, na huuzwa kwa kifurushi cha karatasi nyingi kwa bei nafuu. Upande laini ndio wa kuchorea. Zile nzuri zaidi hutengenezwa kwa magome ya kozo, jamaa ya mforosadi. Inashangaza kwamba mti wa ukoo huo huo, uliopandwa Uganda zamani, sasa umevamia msitu wa Mabira na kuwa kero kwa wahifadhi.

Cha kutandika: kipande cha blanketi kuukuu la sufu. Usitandike gazeti, litanyonya wino na kukurudishia madoa mgongoni mwa karatasi. Wala usichore moja kwa moja juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, maana maji yatatuama chini na kusambaa yatakavyo.

Hatua ya 2: Kusaga wino

Dondosha maji kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwenye nchi kavu ya jiwe. Simamisha kijiti, kiinamishe kidogo tu, zungusha polepole bila kukandamiza. Kuna usemi wa kale kwamba wino usagwe na mgonjwa na brashi ishikwe na shujaa. Ukikandamiza unapata chembe kubwa, na chembe hizo utaziona baadaye kwenye kijivu, kama vumbi.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Utajua umekuwa tayari pale kijiti kinapoacha njia nyuma yake na njia hiyo kuchelewa kujifunga, na uso wa wino unapong'aa kama mafuta. Harufu nayo inabadilika. Usikiache kijiti kimesimama juu ya jiwe ukaenda kupokea simu: gundi itaganda na utakapokibandua kitatoka na ngozi ya jiwe. Kifute, kilaze.

Nyongeza kwa wakazi wa Dar, Tanga, Mombasa na kwingine ambako maji ya kisima yana chumvi: tumia maji ya kunywa. Chumvi huufanya wino ugande chembechembe. Mwezi wa kwanza niliporudi nyumbani nililaumu jiwe, nikalaumu kijiti, kumbe ni maji ya bombani kwetu.

Hatua ya 3: Kukaa na kushika

Kaa wima, kiwiko kisiguse meza. Kwa shina la mwanzi brashi inalala, kwa majani inasimama. Bega ndilo linalochora, vidole vinashika tu. Basi.

Hatua ya 4: Maji

Hapa tusiharakishe.

Kyoto nilikaa wiki sita nikichora pingili za mwanzi, na kila karatasi ilikuwa na ugonjwa ule ule. Pingili ya kwanza inatoka vizuri, kijivu chake kinapita taratibu kutoka giza hadi mwanga. Ya pili imefifia. Ya tatu inavimba, kingo zinakimbia, inakuwa doa. Nikadhani mkono wangu mzito, nikawa mwepesi. Nikadhani wino mwepesi, nikauongeza. Kadiri nilivyoongeza wino ndivyo pingili ya tatu ilivyozidi kuwa doa kubwa na jeusi zaidi. Na brashi nilikuwa naipangusa kila mara, tena kwa uangalifu, ncha yake kwenye kitambaa, mpaka ikachongoka kama sindano.

Wiki ya saba mwalimu aliichukua brashi yangu nilipokwisha kuipangusa. Hakusema neno. Akaibana kwa vidole viwili, siyo penye ncha, bali kule juu nywele zinapoingia kwenye mpini. Matone matatu ya maji yakadondoka mezani, moja baada ya jingine.

Maji yalikuwa yamejificha kiunoni. Wajapani huzitaja sehemu za brashi kama za mwili: tumbo ni hara, kiuno ni koshi, na zile nywele chache za ncha kabisa huitwa inochige, nywele za uhai. Ncha inapotoa wino kwenye karatasi, nafasi inabaki, na maji ya kiunoni yanashuka kuijaza. Kwa hiyo ukipangusa ncha unachoondoa ni wino uliouhitaji, na unachobakiza ni maji usiyoyaona. Mpigo wa kwanza unakudanganya kwamba mambo ni mazuri, wa tatu unakuumbua.

Sasa utaratibu. Weka kwenye sahani nyeupe madimbwi mawili, moja la wino mwepesi, rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa sana, na jingine la kati. Wino mzito kabisa unabaki baharini mwa jiwe. Lowesha brashi yote kwenye kikombe cha kwanza mpaka nywele za ndani nazo zilainike, kisha ibane kwenye ukingo wa kikombe ukiigeuza pande zote. Halafu chukua kile kitambaa cha pamba. Kiloweshwe na kukamuliwa, kiwe kibichi, kisiwe kikavu. Laza kiuno cha brashi juu yake, ncha ikining'inia nje bila kugusa, zungusha mpini polepole huku ukihesabu moja, mbili, tatu. Utaliona doa la maji likitambaa kwenye kitambaa. Hilo ndilo lililoniibia wiki sita.

Ndipo uchovye wino mwepesi mpaka kiunoni, na urudi tena kwenye kitambaa, kiuno tu, mara moja. Chovya wa kati mpaka tumboni. Laza brashi kwenye sahani, ikandamize upande mmoja, igeuze, upande wa pili, ili hizo rangi mbili ziingiliane zisiwe na mpaka. Mwisho gusa wino mzito kwa ncha peke yake, na ulaze tena mara mbili kwenye sahani. Brashi moja sasa imebeba vijivu vitatu, kutoka weusi wa ncha hadi wepesi wa kiunoni. Wajapani wana jina la mbinu hii, sanbokuho, mbinu ya wino tatu. Ukiilaza brashi kwenye karatasi na kuisukuma, mpigo mmoja unatoka na upande wenye giza na upande wenye mwanga, na mwanzi unaonekana mviringo bila kutia kivuli chochote.

Kabla ya kugusa karatasi yenyewe, jaribu. Chukua kipande cha karatasi ile ile, siyo nyingine, gusa kwa ncha na uhesabu hadi tatu. Doa la ukubwa wa punje ya mchele likibaki punje ya mchele au likavimba kidogo tu, endelea. Likikua mpaka ukubwa wa sarafu, rudisha kiuno kwenye kitambaa. Usiongeze wino! Hapo ndipo kijana wangu aliponishinda nguvu Jumamosi ya kwanza: kila doa lilipokua, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye jiwe la wino, kwa mazoea ya rangi ya mafuta, ambako ukitaka kitu kikolee unaongeza rangi. Huku unapunguza maji. Jumamosi ya pili nilimfungia jiwe kwa kitambaa, nikamwachia sahani tu, na mchana mzima akachora pingili tupu. Kufikia alasiri alikuwa ameacha kuangalia karatasi na anaangalia kitambaa, na hapo nikajua ameshapata.

Kuna mambo madogo yanayoweza kukuharibia hata ukifuata yote hayo.

Kitambaa kikiwa kikavu kinanyonya kwa pupa na kwa upande mmoja, brashi inapinda. Kikiwa kimelowa mno hakinyonyi. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara mia ndiyo bora kuliko vyote nilivyojaribu, pamoja na vile vitambaa maalumu nilivyonunua Japani. Kikunje mara nne na ugeuze mkunjo kila baada ya pingili kadhaa. Karatasi za chooni hapana, zinaacha nyuzi.

Brashi mpya huja imekazwa kwa gundi. Iloweke kwenye maji vuguvugu na uifungue yote kwa vidole mpaka kiunoni. Ukifungua nusu, kiuno kitabaki kigumu, hakitabeba maji wala kutoa, na utarudi kunilaumu.

Hewa nayo ina neno. Msimu wa masika huku pwani karatasi imeshanywa unyevu kabla hujaigusa, kwa hiyo kitambaani hesabu tano badala ya tatu. Ukiwasha feni, izime, au ielekeze ukutani, maana inakausha kingo za mpigo kabla ya katikati na kuacha mstari mweusi kama wa kikombe cha chai kilichowekwa mezani.

Wino ukikauka unapauka. Kijivu unachokiona kikiwa kibichi si kile kitakachobaki. Fanya sampuli, iache ikauke, andika karibu yake ulikuwa umehesabu ngapi. Mimi nina daftari zima la madoa hayo na ninalitumia mpaka leo.

Na usidhani kutapakaa ni kosa siku zote. Wino unaosambaa una jina, nijimi. Mpigo mkavu unaoacha weupe katikati ya nywele una jina pia, kasure, na kwa shina kongwe la mwanzi hakuna kinachopendeza zaidi. Ule ukavu wenye heshima alioutaja Hisamatsu hupatikana hapo. Tofauti ni kama uliutaka au ulikupata. Sesshu, mtawa na mchoraji, mwaka 1495 alimchorea mwanafunzi wake Josui Soen mandhari ya mlima kwa wino uliomwagika na kutapakaa kana kwamba hakuna aliyeushika, kisha ukiangalia vizuri unaona paa la nyumba na watu ndani ya mashua. Ilikuwa zawadi ya kumuaga. Yule mzee alijua kila tone lilipo.

Hatua ya 5: Kuamua pa kutogusa

Chukua karatasi yako, itazame, na uamue sehemu gani itabaki nyeupe. Anza na hilo. Weupe huo unaitwa yohaku, na ni sehemu ya picha kama ulivyo wino. Jozi ya skrini (viambaza vya kukunjwa) zenye misonobari, kazi ya mchoraji Hasegawa Tohaku ya mwishoni mwa karne ya 16, ambayo ni hazina ya taifa na imo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo, ina eneo kubwa tupu kuliko lililochorwa. Miti inatokeza na kutoweka, na anayetazama anaona ukungu, ingawa hakuna aliyeuchora.

Kwa mwanzi wa kwanza: shina liwe theluthi ya kulia au ya kushoto, katikati kamwe. Litoke chini nje ya karatasi na lipite juu nje ya karatasi, ili lisionekane limesimikwa kama nguzo. Upande wa pili uache. Utasikia mkono unawasha kutaka kuweka ndege pale. Usimweke.

Hatua ya 6: Shina

Pakia brashi kama hatua ya 4. Ilaze, ncha ielekee kushoto. Anza chini. Kandamiza, tulia pumzi moja, sukuma juu huku ukitoa pumzi, simama, inua. Acha uwazi mwembamba kama njiti ya kiberiti, kisha pingili inayofuata. Zile za karibu na ardhi ni fupi, za kati ni ndefu, kisha zinafupika tena juu. Usipakie wino upya katikati ya shina: wino unaoisha wenyewe ndio unaolifanya lipotelee angani.

Shina likiwa na unyevu bado lakini halimeremeti tena, chukua wino mzito kwa ncha na uweke kifundo kwenye kila uwazi, mkunjo mdogo kama kope la jicho. Ukiwahi, kifundo kinayeyuka. Ukichelewa, kinaonekana kimebandikwa.

Hatua ya 7: Matawi na majani

Matawi hutoka kwenye vifundo tu, kulia kisha kushoto kwa zamu, kwa brashi iliyosimama na karibu kavu.

Jani ni mpigo mmoja wa nusu pumzi: ncha inatua, tumbo linakandamizwa, unainua huku mkono bado unakwenda, kama ndege anayeruka juu ya maji. Jani lisiwe na mwisho uliosimama. Wino hapa ni mzito na kiuno kiwe kimekaushwa zaidi kuliko kwenye shina. Chora mafungu ya majani matatu au matano, yote yakifuata upepo mmoja, mengine marefu, mengine yamekatika. Majani mawili yakikatana kama alama ya kosa kwenye daftari la shule, jicho litakwenda hapo na halitatoka.

Jambo moja linalowashangaza waliozoea rangi ya mafuta: kwenye karatasi inayonywa, mpigo uliotangulia ndio unaoonekana uko mbele. Wino wa kwanza umeshakaa kwenye nyuzi, wa pili unapita nyuma yake. Kwa hiyo anza na majani ya karibu, kisha ya mbali kwa wino mwepesi. Kijana wangu alikataa kuniamini mpaka alipofanya mwenyewe, akachora jani jeupejeupe juu ya jeusi lililokauka na kuliona likijificha nyuma. Akacheka, akarudia mara nne.

Hatua ya 8: Kuosha na kutazama

Brashi ioshwe kwa maji baridi tupu, bila sabuni, mpaka maji ya kiunoni yatoke meupe. Ikunjue ncha kwa vidole, itundike ncha ikiwa chini. Jiwe lioshwe siku hiyo hiyo kwa sponji laini, maana wino uliolala unaoza na kunuka, na mabaki yake yanaziba ule ukali mdogo wa jiwe unaosaga.

Picha iache juu ya blanketi mpaka ikauke yenyewe. Itakunjamana, ndivyo karatasi hii ilivyo. Kuinyoosha kwa kuibandika karatasi ya pili mgongoni ni kazi nyingine inayotaka maelezo yake.

Kesho yake ibandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu, na ufunike kwa kidole jani moja baada ya jingine. Jani ambalo ukilifunika picha haipungukiwi na kitu, usiliweke kwenye karatasi inayofuata. Kijana alipofanya hivyo Jumamosi ya tatu, picha yake ilikuwa na mafungu manne ya majani. Alifunika moja, akafunika la pili, akakaa kimya kitambo. Kisha akavuta karatasi mpya, akapeleka kiuno cha brashi kwenye kanga, na nikamsikia akihesabu.